Filamu za leo na pango la Plato: ni mazingaombwe au ni mazigazi?

Msomaji wa Pembeni

Ndugu zangu, naomba mnisaidie katika jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu nilipomaliza kusoma kitabu cha saba cha Jamhuri ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kila ninaposoma makala inayozungumzia filamu ya The Matrix ya mwaka 1999, nakutana na dai lilelile kwamba filamu hiyo ni pango la Plato lililohamishiwa ndani ya kompyuta. Nilikuwa nalikubali dai hilo bila kulitafakari, mpaka nilipolisoma pango lenyewe polepole, na sasa naona kwamba vitu hivi viwili havifanani kwa kiasi tunachoambiwa.

Katika simulizi ya Plato, wafungwa wamo pangoni tangu utotoni, wamefungwa miguu na shingo hata hawawezi kugeuza vichwa, na mbele yao upo ukuta peke yake. Nyuma yao unawaka moto, na kati ya moto na wafungwa ipo njia yenye kiambaza kifupi, ambapo watu hupita wakiwa wamebeba sanamu za binadamu na za wanyama zinazochomoza juu ya kiambaza hicho. Wafungwa huona vivuli vya sanamu tu, na hivyo vivuli ndivyo wanavyoviita vitu. Mmoja wao anafunguliwa, analazimishwa kugeuka na kutazama moto, kisha anakokotwa kwenye mpando mkali hadi nje, huku macho yakimuuma. Huko nje anaanza kwa kutazama vivuli, halafu taswira za vitu ndani ya maji, halafu vitu vyenyewe, halafu nyota na mwezi wakati wa usiku, na mwishowe jua.

Sasa mtazameni Neo, mhusika mkuu wa The Matrix, anayegundua kwamba dunia aliyoishi siku zote ni ya bandia. Yeye naye macho yanamuuma anapozinduka, na anapouliza sababu anajibiwa kwamba hajawahi kuyatumia. Mpaka hapo mfanano ni mkubwa, na sidhani kwamba ulitokea kwa bahati. Lakini mfungwa wa Plato anatoka gizani na kulikuta jua, ilhali Neo anatoka kwenye jiji lenye mwanga, muziki na mikahawa, na kuikuta dunia iliyoungua ambayo jua lake limezibwa, na ambayo chakula chake ni uji usio na ladha. Kwa Plato, kitu kadiri kinavyozidi kuwa halisi ndivyo kinavyozidi kuwa chema. Katika filamu, kilicho halisi ni duni kuliko kile cha bandia, na bado tunatarajiwa kukichagua.

Je, hiyo bado ni fikra ileile? Na ikiwa si Plato, ni nani miongoni mwa wanafikra wa kale aliye karibu zaidi na filamu hizi? Ningefurahi kupata majibu yanayotaja filamu mahususi, kwa maana maneno ya jumla nimekwisha kuyasoma ya kutosha.

Kalamu ya Mkaa

Ndugu Msomaji, tofauti uliyoiona ipo kweli, ila mimi naiona nyingine kubwa zaidi iliyojificha chini yake, na lugha yetu inatusaidia kuieleza kwa sababu ina maneno mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya: mazingaombwe na mazigazi.

Katika mazingaombwe yupo anayefanya na yupo anayefanyiwa. Mtu amesimama mbele yako, anakunja kitambaa kilicho kitupu, anakikunjua na kumtoa njiwa, nawe unajua kabisa kwamba mikono yake imefanya jambo ambalo macho yako hayakuliwahi. Siku utakapoonyeshwa siri yake, mazingaombwe yamekwisha, na huwezi tena kuyatazama kwa mshangao uleule. Mazigazi ni jambo jingine kabisa. Yale maji yanayoonekana kutanda mbele ya barabara wakati wa jua kali hayakuwekwa na mtu. Hewa inayogusa ardhi imepata joto kuliko ile iliyo juu yake, mwanga unaoshuka kutoka angani unapinda kabla ya kulifikia jicho, na jicho, ambalo limezoea kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, linaiona mbingu chini na kuidhania kuwa ni maji. Hakuna wa kumlaumu. Zaidi ya hayo, hata baada ya kufundishwa yote haya utaendelea kuyaona maji hayo kama kawaida. Kitakachobadilika ni kwamba hutaondoka na ndoo kwenda kuyachota.

Rai yangu ni kwamba wanafikra wa kale, kwa sehemu kubwa, walishughulika na mazigazi, na filamu za kisasa, kwa sehemu kubwa vilevile, zinashughulika na mazingaombwe.

Mchukue Shankara, mwanafalsafa wa India wa karne ya nane, na mfano maarufu wa kamba na nyoka ambao shule yake iliutumia mara kwa mara. Mtu anapita gizani, anaona nyoka, moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka. Taa inaletwa, na pale alipokuwa nyoka inaonekana kamba. Jambo ninalolipenda katika mfano huu ni kwamba nyoka hakukimbia, kwa kuwa hakuwahi kufika, na taa haikumuua. Kamba nayo haikusema uongo wowote. Ilikuwa imelala pale kama kamba tangu mwanzo. Kosa lilikuwa ni la mtazamaji aliyechukua sifa za kitu kimoja na kuzibandika juu ya kingine, na Shankara analiita kosa hilo avidya, yaani kutojua. Shule hiyohiyo ilitumia pia mfano wa mazigazi, kwa sababu ilitambua kwamba mtu anaweza kujua ukweli na bado akaendelea kuona kile alichokuwa akikiona.

Wagiriki wa mkondo wa shaka, ambao hoja zao zimetufikia kupitia maandishi ya Sextus Empiricus, wana mifano ya aina hiyohiyo. Kasia lililotumbukizwa majini linaonekana limepinda, na likitolewa linaonekana limenyooka. Mnara wa pembe nne ukiwa mbali unaonekana wa mviringo. Hakuna hata mmoja wao aliyedai kwamba yupo mtu amekaa nyuma ya mnara akiuzungushia kitambaa.

Sasa zirudieni filamu. Katika The Truman Show ya mwaka 1998, iliyoongozwa na Peter Weir, mtu mmoja, Truman, amelelewa tangu kuzaliwa katika mji ambao kila mkazi wake ni mwigizaji, chini ya kuba lililochorwa anga, na siku moja taa yenye jina la nyota Sirius inaanguka kutoka juu na kupasuka mbele ya nyumba yake. Ipo sababu ya taa hiyo kuwapo, nayo ina jina: Christof, mtayarishaji anayekaa juu ya kila kitu akitoa amri hata kwa jua na mvua. Katika Dark City ya mwaka huohuo, viumbe wa ajabu hulaza jiji zima ifikapo saa sita ya usiku ili wapange upya majengo na kumbukumbu za watu. Katika The Matrix, mashine ndizo zinazofanya kazi hiyo. Kote humo udanganyifu una mwenyewe, una sababu yake, na unaweza kupigwa vita.

Babu wa filamu hizi, kwa maoni yangu, ni mwanafalsafa Mfaransa Descartes, ambaye katika Tafakuri zake za mwaka 1641 alijilazimisha kudhani kwamba lipo pepo lenye uwezo mkubwa na hila nyingi, linalotumia juhudi zake zote kumdanganya kuhusu anga, hewa, dunia, rangi na sauti. Huyo si wa kale, na hata yeye alilileta pepo hilo kama chombo cha kupimia uhakika, kisha akaliondoa. Waandishi wa filamu wamelirudisha kazini kwa sababu zao wenyewe, na siwalaumu sana, kwani hadithi ya saa mbili inahitaji adui, na kamba haiwezi kupigwa risasi.

Lakini gharama ya uamuzi huo ni kubwa. Pale udanganyifu unapokuwa na mwenyewe, aliyedanganywa anakuwa hana kosa. Truman hana kosa lolote, angefanya nini? Mtu wa Shankara, kwa upande wake, alitokwa jasho kwa kazi ya macho na hofu yake mwenyewe. Anayetoka kutazama filamu ya aina hii hujiuliza ni nani anayemdanganya, wakati wanafikra wa kale walitaka ajiulize ni wapi anapokosea. Angalieni jinsi kidonge chekundu cha The Matrix, kile ambacho Neo anakimeza ili aujue ukweli, kilivyogeuka kuwa nembo ya watu wanaoamini kwamba wamekwisha kumjua anayeendesha dunia kwa siri. Sikumbuki kumsikia mtu aliyesema kwamba alikimeza akagundua kuwa alikuwa akijidanganya mwenyewe.

Kipo kisa kimoja ndani ya The Matrix kinachokaribia fikra ya kale, nacho ni kile cha Cypher, mmoja wa wenzake Neo, mkahawani. Ananyanyua kipande cha nyama kwenye uma na kukiri kwamba anajua hakipo, na kwamba anajua pia kuwa mashine itauambia ubongo wake kwamba ni laini na kitamu. Kisha anakila kwa raha. Elimu haikuiondoa ladha. Hayo ni mazigazi kamili. Tofauti yake na mwenye hekima ni kwamba yeye, akijua vizuri kabisa kwamba hakuna maji, anaomba apewe ndoo, na anaomba pia asahau kwamba aliwahi kujua.

Fundi wa Projekta

Naomba nichangie kutoka upande wa mashine, kwa kuwa niliendesha projekta za mkanda kwa miaka mingi kabla hazijaachwa, na naona kwamba nyote wawili mnatafuta pango ndani ya hadithi za filamu wakati lipo ndani ya chumba cha kutazamia.

Tazameni mpangilio wenyewe. Watu wameketi gizani, wote wakielekea upande mmoja. Nyuma yao, juu ya vichwa vyao, upo mwanga mkali ambao hawautazami. Kati ya mwanga huo na ukuta wa mbele vinapitishwa vitu vidogo ambavyo kivuli chake ni kikubwa kuliko vyenyewe, na sauti wanazozisikia wanaamini kwamba zinatoka kwenye vinywa vilivyo ukutani. Plato alitaja hata hilo la sauti, kwamba wabebaji wengine huongea na mwangwi unaorudi kutoka ukutani huwafanya wafungwa waamini kuwa ni kivuli kinachosema. Francis Cornford, aliyeitafsiri Jamhuri kwa Kiingereza mwaka 1941, aliandika kwamba Plato wa zama hizi angelilinganisha pango lake na sinema iliyo chini ya ardhi. Katika miaka ya 1970 Mfaransa Jean-Louis Baudry aliijenga fikra hiyo kuwa nadharia kamili, akidai kwamba jambo la kuchunguzwa ni ule mpangilio wa giza, mwanga na mwili uliotulia, hata kabla ya kuuliza filamu inasimulia nini.

Nami naongeza jambo ambalo watazamaji wengi hawalifahamu. Mkanda haupiti mbele ya taa kwa mfululizo. Kila picha husimama kwa kitambo kidogo sana, na wakati mkanda unaposogea kuleta picha inayofuata, kifuniko kinachozunguka huziba mwanga ili mtazamaji asione msogeo huo. Picha ni 24 kwa sekunde moja, na kwa kawaida kila picha humulikwa mara mbili, kwa hiyo taa huzibwa mara 48 katika kila sekunde. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya muda ambao watu wanalia au wanacheka, mbele yao hakuna kitu isipokuwa ukuta wenye giza. Hakuna msogeo wowote ukutani. Ziko picha zilizosimama, na msogeo unaongezwa na mtazamaji mwenyewe.

Kwa hiyo namuunga mkono Ndugu Kalamu kwa njia ambayo huenda hakuitarajia. Hadithi inaweza kuwa ya mazingaombwe, na mimi kule chumbani kwangu nilikuwa mfanyaji wake, lakini chombo kinachoisimulia hutegemea mazigazi, kwa sababu nimeijua siri yake kwa mikono yangu na bado sijawahi kufaulu kuziona picha 24 mahali pa mtu mmoja anayetembea.

Mkitaka filamu inayolijua jambo hili, itafuteni Il conformista ya Bernardo Bertolucci ya mwaka 1970. Marcello, anayetumwa na utawala wa kifashisti, anamtembelea mjini Paris profesa wake wa zamani na kumkumbusha somo la pango. Chumba kimefungwa madirisha isipokuwa moja, na kivuli cha Marcello kimesimama ukutani kikubwa na cheusi. Profesa anafungua dirisha jingine, na kivuli kinayeyuka mbele ya macho yetu. Hakuna kompyuta, hakuna kidonge. Ni dirisha tu, na mtu anayeona kwamba kile alichokuwa amekisimamia hakikuwa na uzito wowote.

Usingizi Mwepesi

Nawashukuru wote waliotangulia. Mimi nina shaka kidogo kuhusu mgawanyo wa Ndugu Kalamu, kwa sababu unaiacha nje fikra moja ya kale ambayo haiingii katika mazingaombwe wala katika mazigazi, nayo ni ndoto ya kipepeo ya Zhuangzi, Mchina wa karne ya nne kabla ya Kristo.

Kisa chenyewe ni kifupi sana. Zhuang Zhou, yaani Zhuangzi mwenyewe, aliota kwamba yeye ni kipepeo, akaruka huku na huko kwa furaha, bila kujua lolote kuhusu Zhou. Ghafla akaamka, naye akawa Zhou bila shaka yoyote. Hapo hakujua kama ni Zhou aliyeota kuwa kipepeo, au ni kipepeo anayeota kuwa Zhou. Watu wengi hukinukuu kisa mpaka hapo na kukiita hoja ya shaka, wakisahau kwamba kinaendelea kusema kuwa lazima iwepo tofauti kati ya Zhou na kipepeo, na kwamba hiyo ndiyo inayoitwa mageuzi ya vitu. Simwoni Zhuangzi akihangaika hapo. Hamtafuti aliyemdanganya, wala hajutii kwamba alikosea. Anaona hali mbili, kila moja ikiwa imekamilika ndani yake, na mpito kati ya hizo mbili.

Filamu iliyo karibu zaidi na roho hiyo, ingawa kwa dakika yake ya mwisho peke yake, ni Inception ya Christopher Nolan ya mwaka 2010. Cobb, mhusika mkuu ambaye kazi yake ni kuingia katika ndoto za watu, hubeba mwanasesere mdogo wa kuzungusha, yaani pia, ambayo inapaswa kuanguka ikiwa yuko macho na kuzunguka bila kikomo ikiwa yumo ndotoni. Mwishoni anaizungusha mezani, lakini kabla haijaamua anawaona watoto wake na kuiacha. Picha inakatika huku pia hiyo ikiwa bado inazunguka. Mabishano mengi yamefanyika kuhusu kama ilianguka au la, na mimi naona kwamba wanaobishana wamekitazama chombo huku wamempa kisogo mtu, kwa sababu aliyetembea saa mbili nzima akihitaji jibu hilo ndiye sasa anayeondoka mezani bila kulisubiri. Simwiti Cobb mwenye hekima, kwani amechoka na ana majonzi, ilhali kipepeo alikuwa na furaha. Hata hivyo, swali la kwamba lipi ni halisi limeachwa kwa kuwa limekoma kuuma, wala halikuwa limejibiwa.

Jambo la pili nitalisema kwa ufupi, nalo linamhusu al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ambaye si wa kale kwa kipimo cha Plato lakini ni wa kale kuliko Descartes. Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal anaeleza jinsi alivyopoteza imani yake katika hisi: kivuli kinaonekana kimesimama, na baada ya muda tunagundua kwamba kilikuwa kikisogea kidogo kidogo, nyota inaonekana ndogo kama dinari, na hoja za kijiometri zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa akili imezikadhibisha hisi, anauliza, ni nani anayejua kama hakuna hakimu mwingine juu ya akili, ambaye akijitokeza ataikadhibisha akili yenyewe, kama vile kuamka kunavyokadhibisha ndoto? Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, na anasema kwamba hakutolewa humo kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Sijaona filamu iliyothubutu kumtoa mhusika wake katika shaka kwa njia hiyo. Wahusika wa filamu hutoka kwa kukimbia, kwa kupigana au kwa kuvunja ukuta.

Msomaji wa Pembeni

Nimejifunza mengi, na nawashukuru. Hata hivyo, Ndugu Kalamu, nina pingamizi ambalo nimelifikiria tangu nilipolisoma jibu lako. Unasema kwamba watu wa kale hawakuwa na mdanganyifu, lakini pango la Plato linao wabebaji wa sanamu. Wale watu wanaopita nyuma ya kiambaza wanafanya nini pale, kama si mazingaombwe? Na Plato mwenyewe anakifananisha kiambaza hicho na kile kizuizi ambacho wacheza vikaragosi hukiweka kati yao na watazamaji. Huoni kwamba hapo hoja yako inapata ufa?

Kalamu ya Mkaa

Ufa upo, na nilistahili kukamatwa hapo. Neno nililolitumia, "kwa sehemu kubwa", halitoshi kuufunika, kwa kuwa pango ndilo lililokuwa swali lako.

Nitakachosema ni kwamba Plato anawataja wabebaji hao na kuwaacha. Hawapi jina, hatuelezi wanapata faida gani, na mfungwa anayefunguliwa hapambani nao wala hawaulizi chochote anapopita mbele yao kuelekea nje. Wasomaji wengi wamewaona kuwa ni washairi, wanasiasa na walimu wa ufasaha wa Athens, nami nadhani wana haki kuona hivyo. Lakini mkazo wa Plato hauko kwa wabebaji, uko kwa waliokaa. Anasema kwamba wafungwa walikuwa wakipeana heshima na zawadi, akituzwa yule mwenye macho makali zaidi ya kuviona vivuli vinavyopita na mwenye kumbukumbu bora ya vipi hutangulia na vipi hufuata. Huo ni mchezo wao wenyewe. Hakuna mbebaji aliyewalazimisha kuucheza.

Filamu iliyolishika jambo hili ni ya Kigiriki, Kynodontas ya Yorgos Lanthimos ya mwaka 2009. Wazazi wamewafungia watoto wao, ambao sasa ni watu wazima, nyuma ya uzio mrefu, na kuwafundisha maneno yenye maana za uongo, kwamba bahari ni kiti cha ngozi chenye mikono ya mbao na kwamba zombi ni ua dogo la manjano. Wameambiwa kwamba mtu huwa tayari kuondoka nyumbani siku jino lake la chonge litakapodondoka. Mdanganyifu yupo, ni baba, na hapo filamu inabaki upande wa mazingaombwe. Lakini vijana hao hushindana kila siku ili wapate vibandiko vya karatasi kama tuzo, nao hushindana kwa bidii ya kutisha. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza nilimchukia baba. Nilipoirudia, vibandiko ndivyo vilivyonitia hofu.

Suala la kurudi pangoni nalo linastahili neno, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Neo hurudi ndani ya Matrix, kwa hiyo siwezi kusema kwamba filamu imelisahau, ila hurudi akiwa na nguvu za kukwepa risasi. Mtu wa Plato hurudi akiwa karibu kipofu. Macho yake yamejaa giza kwa sababu ametoka juani, anashindwa katika mashindano ya vivuli, watu wanamcheka na kusema kwamba safari yake imemharibu macho, na kama wangeweza kumshika mtu anayejaribu kuwafungua, wangemuua. Plato aliyaandika hayo akijua yaliyompata mwalimu wake Socrates, aliyehukumiwa kifo mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. Kurudi kwa aina hiyo, kwa aibu na kujikwaa, sikumbuki kukuona katika filamu hata moja ya kundi hili, na nadhani ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuiuza kwa mwenye fedha za kutengeneza filamu.

Kuhusu Truman, sasa naona kwamba nililitafuta pango upande usiofaa. Mashua yake inagonga anga lililochorwa, anapanda ngazi, Christof anamwambia kutoka juu kwamba huko nje hakuna ukweli zaidi ya ule uliomo katika dunia aliyomtengenezea, naye anatoa heshima yake kwa watazamaji na kuuvuka mlango. Dunia nzima iliyokuwa ikimtazama kwa miaka thelathini inalia na kushangilia. Hao hawakufungwa shingo, na kitufe cha kuzimia kilikuwa mikononi mwao siku zote. Matangazo yanakatwa, kioo kinabaki kitupu, na walinzi wawili walioketi mbele yake wanaulizana ni nini kingine kinachoonyeshwa.